Tukipima Hamu ya Upasuaji kwa Google, Tunampima Nani?

Natumai baridi haijawamaliza, na wale wa mwaka wa mwisho mmeshaanza kukonda kwa ajili ya tasnifu.

Kila mwaka msimu huu ukifika, wawili watatu kati yenu hunifuata na swali lile lile: "Kaka, naweza kutumia Google Trends kwenye utafiti wangu?" Wanaouliza wengi wanasoma afya ya jamii, takwimu au biashara ya huduma za afya. Wanataka kujua watu wa nchi fulani wana hamu kiasi gani ya upasuaji fulani: kupunguza tumbo, kurekebisha pua, kutoa mtoto wa jicho, na kadhalika. Nawaelewa kabisa. Data ni ya bure, huhitaji nauli ya kwenda uwanjani, huhojii mtu, na grafu inatoka nzuri ya kubandika kwenye ukurasa. Jibu langu ni ndiyo, unaweza. Lakini ngoja kwanza nikusimulie nilivyojikwaa mimi, halafu tuone chombo chenyewe kinafanyaje kazi.

Upasuaji wa kupangwa ni upi?

Hapa ndipo wengi tunapoanza kupotea. Mtu akisikia upasuaji wa kupangwa, au wa hiari, anafikiria matajiri wanaobadilisha pua. Sivyo. Kidaktari, upasuaji wa kupangwa ni ule ambao unaweza kuwekewa tarehe, yaani mgonjwa hafi usiku huu usipofanyika. Ngiri ambayo haijajinyonga imo humo. Mtoto wa jicho yumo. Kubadilisha nyonga, kurekebisha mdomo wa sungura, kuondoa uvimbe kwenye kizazi, tohara ya hospitali, vyote vimo. Na urembo nao umo. Neno "hiari" lisikudanganye. Mama anayevuja damu kila mwezi mpaka anashindwa kusimama, upasuaji wake nao unaandikwa kwenye daftari la kupangwa.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana mwaka 2020. Korona ilipoingia, hospitali karibu dunia nzima zilisimamisha upasuaji wa namna hii ili kuacha nafasi. Kundi la watafiti wa COVIDSurg lilikadiria kwamba katika wiki 12 za msukosuko mkubwa, operesheni zipatazo milioni 28.4 zingeahirishwa au kufutwa. Hao wote si watu wa pua.

Nilivyojikwaa

Mwaka 2016 nilikuwa nasoma Riyadh. Somo moja lilitutaka tuchague jambo la afya na kulipima kwa data ya mtandaoni. Mimi nikachagua upasuaji wa kupangwa, manake pale mjini hukosi kusikia habari za takmim, ule upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula ili mtu ale kidogo na apungue uzito. Saudia ni katika nchi zenye tatizo kubwa la unene. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wana unene wa kupindukia. Nikaona mada ndiyo hii.

Nikachora grafu zangu. Mkoa wa Riyadh dhidi ya Mkoa wa Makka, ambao ndio wenye Jeddah. Kwa Kiarabu mistari ikapanda na kushuka vizuri. Kwa Kiingereza pia. Halafu nikajitia ujuzi: nikajaribu maneno ya Kiswahili, kwa kuwa nilijua Waswahili wapo, tena wengi wao Jeddah. Nikapata sifuri. Nikaandika kwenye ripoti, bila hata kusita, kwamba wasemaji wa Kiswahili katika ufalme ule hawaonyeshi hamu ya upasuaji wa kupangwa. Nikapata alama nzuri tu.

Likizo ya katikati ya mwaka ikafika, Januari 2017. Nikapanda basi kwenda Jeddah kumwona mama mdogo. Alikuwa anakaa Karantina, kusini ya mji, jirani na bandari. Wenye asili ya Jeddah watakwambia jina hilo linatokana na karantini, zile siku mahujaji walipokuwa wakishuka melini na kuzuiwa kwanza wachunguzwe maradhi. Baadaye pakawa mtaa wa wageni wa Kiafrika: Wahausa, watu wa Chad, Wasomali, na humo humo sisi watu wa pwani. Wengi walikuja kwa hija au umra wakabaki. Mama mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuja kutoka Tanga, muda wa viza ukaisha, akabaki akisuka nywele na kupika vitumbua vya kuuza kwa majirani.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Pita, pita. Usinitazame hivyo, nimenenepa tumbo tu."

Hakuwa amenenepa. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ule unaoitwa faibroidi, na alikuwa nao tangu 2014. Kila mwezi alikuwa analala siku nne tano hajiwezi. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu wa mwanafunzi, kama alishawahi kutafuta mtandaoni habari za kuuondoa.

"Nikaitafute ya nini, mwanangu? Simu yenyewe ni ya Fatuma, tunapokezana. Na nikishajua, nitaingia hospitali gani na mimi sina ikama? Mimi namuuliza yule mama Mhausa wa ghorofa ya chini, mkunga wa kwao. Ananiambia vumilia."

Basi, usiku ule sikulala vizuri. Mtu niliyemwandika sifuri alikuwa amelala chumba cha pili.

Grafu inasema nini hasa

Sasa tuje kwenye chombo. Google Trends ilianza mwaka 2006, na data zake zinarudi nyuma mpaka Januari 2004. Watu wengi wanaamini ule mstari unaonyesha idadi ya waliotafuta neno. La hasha. Unaonyesha sehemu tu. Wanachukua sampuli ya utafutaji wote wa mahali na wakati fulani, wanaangalia neno lako limechukua sehemu gani ya huo wote, halafu ule wakati ambapo sehemu ilikuwa kubwa kuliko nyakati zote wanaupa 100. Nyakati nyingine zinapimwa kwa huo.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka wa kwanza mji una utafutaji 1,000, na 10 kati yake ni wa takmim. Hiyo ni asilimia 1. Miaka mitano baadaye kila mtu ana simu, utafutaji umefika 10,000, na wa takmim ni 50. Hiyo ni asilimia 0.5. Waliouliza wameongezeka mara tano, lakini grafu itakuonyesha imeshuka kutoka 100 hadi 50! Mwanafunzi asiyejua ataandika "hamu imepungua kwa nusu". Na ndivyo inavyotokea pia ukiangalia Machi 2020. Ukiona mstari wa upasuaji umeanguka, kumbuka kwamba dunia nzima ilikuwa inatafuta korona. Kapu lilijaa kitu kingine. Si lazima wenye ngiri wawe wameisahau.

Jambo la pili ni sifuri. Sifuri ya Google Trends haina maana ya hakuna mtu. Ina maana kwamba data haikutosha kuonyeshwa. Neno likitafutwa na watu wachache, linafichwa chini ya sifuri. Waswahili wa Jeddah ni tone kwenye Mkoa wa Makka, ambao una Makka yenyewe, Taif na mamilioni ya watu. Grafu ya mkoa haiwezi kukuonyesha mtaa, sembuse mtaa ambao watu watatu wanatumia simu moja.

Jambo la tatu ni lugha. Sensa ya Saudia ya 2022 ilihesabu watu milioni 32.2, na asilimia 41.6 kati yao hawakuwa Wasaudi. Hao wanatafuta kwa Kiurdu, Kibangali, Kiingereza, Kiamhari, na wengine hawaandiki kabisa, wanatuma ujumbe wa sauti. Ukipima kwa neno la Kiarabu peke yake, umepima waandikao Kiarabu. Ni sawa, ilimradi useme hivyo.

Na hata ndani ya lugha moja, neno ni kinyonga. Takmim kwa Kiarabu ni kuziba au kufunga kama unavyofunga mdomo. Watu husema takmim ya midomo wakimaanisha kunyimwa uhuru wa kusema. Kimama, barakoa, inatokana na mzizi huo huo. Kwa hiyo ukiandika takmim tupu bila kuongeza neno la tumbo, unaweza kuchanganya wagonjwa na watu wa siasa. Tajmil nayo ni urembo wa kila aina, kuanzia kisu cha daktari mpaka wanja. Nyumbani kwetu ni vile vile. Ukitafuta tohara nchini Kenya kwa nia ya kupima ile kampeni ya tohara ya hospitali iliyoanza 2008 kule Nyanza kwa ajili ya kupunguza maambukizi ya Ukimwi, utakutana na Wabukusu, ambao wana tohara yao ya mila mwezi Agosti kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mstari ukipanda Agosti, utasema kampeni imefaulu, kumbe ni ngoma za mila!

Halafu kuna kalenda. Hili liliwahi kunipita hata mimi niliyekuwa naishi Saudia. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11. Ramadhani ilianza Mei 2019, Aprili 2020, Machi 2023 na Machi 2024. Wakati wa Ramadhani maisha yote yanageuka, mchana unakuwa usiku, watu wanaahirisha mambo ya hospitali mpaka baada ya Idi. Ukilinganisha Mei na Mei kwa miaka kumi, unalinganisha mwezi wa mfungo na mwezi usio wa mfungo. Panga data yako kwa wiki, halafu uwekee alama Ramadhani na hija.

Kuuliza si kufanyiwa

Tuseme umefanya yote hayo vizuri. Bado kuna swali: je, wanaotafuta ndio wanaofanyiwa?

Mfano ninaoupenda ni wa Mei 2013, pale mwigizaji Angelina Jolie alipoandika gazetini kwamba ameondolewa matiti yote mawili kwa kujikinga na saratani, kwa sababu alikuwa na jeni ya hatari. Dunia ilitikisika. Watafiti wa Marekani baadaye waliangalia kumbukumbu za bima za wanawake wa nchi hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Vipimo vya ile jeni viliongezeka kwa takribani asilimia 64 katika siku 15 za kazi zilizofuata. Lakini idadi ya waliofanyiwa upasuaji wa matiti haikubadilika katika miezi iliyofuata. Watu walishtuka, wakauliza, wengine wakapima. Kisu hakikuongezeka.

Mfano wa pili unajulikana zaidi. Mwaka 2008 Google walianzisha chombo cha kukisia homa ya mafua kutokana na yale watu wanayotafuta. Mwanzoni kilisifiwa sana, mpaka kikaandikwa kwenye jarida la Nature mwaka 2009. Mwaka huo huo mafua ya nguruwe yalipokuja nje ya msimu, kikayakisia chini. Msimu wa 2012 hadi 2013 kikakisia juu, karibu mara mbili ya wagonjwa walioripotiwa na madaktari wa Marekani. Mwaka 2015 kikafungwa kwa umma. Na hao walikuwa na wataalamu na kompyuta kuliko mimi na wewe.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kwa sababu mtu anatafuta akiogopa, akisikia habari, akiona tangazo, au akishindana na rafiki. Na zaidi ya yote, mtu anatafuta anapoona mlango uko wazi. Hili ndilo nililojifunza Karantina. Mwenye bima anatafuta daktari bora, bei, na muda wa kupona. Asiye na bima wala karatasi hatafuti, kwa sababu jibu halimsaidii kitu. Hamu yake iko pale pale, na maumivu yako pale pale, ila hayapiti kwenye kibodi. Kwa hiyo grafu inaweza kuwa juu mahali ambapo huduma tayari ipo, na kuwa sifuri mahali ambapo inahitajika zaidi. Ukimpelekea grafu hiyo mtu wa kupanga bajeti, atajenga kliniki ya pili pale palipo na ya kwanza.

Sasa tufanyeje?

Mimi sisemi muache. Bado natumia Google Trends, na kwa kazi fulani ni nzuri: kuona kama jambo linapanda au kushuka ndani ya kundi lile lile, kuona tangazo au habari fulani imegusa watu lini, au kupata wazo la kwenda kuchunguza kwa njia nyingine. Ila fanya hivi.

Kwanza, kabla ya kufungua kompyuta, waulize watu kumi wanaliitaje jambo hilo. Maneno ya kitabuni hayatafutwi na mtu. Wengine wataandika kwa Kiingereza kilichovunjika, wengine kwa dalili: "kutoka damu nyingi", si "faibroidi".

Pili, chombo kinakuruhusu kulinganisha maneno kadhaa. Tumia nafasi moja kuweka neno tulivu, la kila siku, lisilopanda wala kushuka sana, ili uone kama ni neno lako lililotikisika au ni kapu zima.

Tatu, kwa kuwa ni sampuli, pakua data ile ile kwa siku tofauti, halafu tafuta wastani. Utashangaa namba za mikoa midogo zinavyocheza.

Nne, angalia vialama vilivyo kwenye grafu yenyewe. Google wanakuonyesha kwamba walibadilisha namna ya kukusanya au kugawa data mwanzoni mwa 2011, 2016 na 2022. Mstari ukiruka Januari ya mwaka kama huo, usimtafute mchawi.

Tano, soma orodha ya maneno yanayoendana na lako. Hapo ndipo utajua kama unapima wagonjwa, wapenda habari za wasanii, au wanafunzi kama wewe wanaotafuta majibu ya mtihani.

Sita, tafuta namba nyingine ya kusimama nayo: daftari la hospitali, orodha ya wanaosubiri, hata mahojiano ya watu ishirini. Grafu peke yake ni tetesi tu.

Na la mwisho, kwenye ripoti yako andika waziwazi ni nani hayumo. Aya moja tu. Wasio na simu, wanaopokezana simu, wasioandika, wanaotafuta kwa lugha nyingine, wasio na karatasi. Mwalimu hatakukata alama kwa hilo, na akikukata, niite.

Mama mdogo je?

Najua mtauliza. Tarehe 29 Machi 2017 serikali ya Saudia ilianza msamaha wa siku 90 kwa wageni walioishi bila kibali, na baadaye ukaongezwa muda. Aliyejitokeza aliondoka bila kulipa faini na bila kufungiwa kurudi. Mama mdogo alijitokeza. Alilia kuiacha Jeddah, manake alikuwa amekaa pale miaka kumi na sita, lakini akaondoka. Mwezi wa pili baada ya kufika Tanga akafanyiwa upasuaji, baada ya ndugu kuchangishana. Yuko salama, anauza vitumbua Ngamiani, na bado ananiambia nimekonda.

Karantina ile niliyoijua haiko tena kama ilivyokuwa. Kuanzia Oktoba 2021 manispaa ya Jeddah ilianza kubomoa mitaa ya zamani iliyojengwa bila mpango, zaidi ya mitaa 60 kwenye orodha, na watu wa kule wametawanyika.

Ile ripoti yangu ya 2016 bado ninayo. Mwaka jana niliifungua nikaongeza kwa kalamu, pale penye sifuri: "Mmoja ninamjua." Siyo takwimu, nakubali. Lakini tangu siku ile, kila nikiona sifuri kwenye grafu, najiuliza kwanza ni nani aliyelala chumba cha pili.

Nawatakia tasnifu njema. Mwenye swali anajua pa kunipata, Ijumaa jioni kwenye chai ya chama. Msije mikono mitupu, leteni maandazi.